Chano Kisichotiwa Chumvi

Ilianza kwa supu ya pweza kukosa chumvi.

Utasema jambo dogo. Hata harusini watu hula pilau iliyopooza, wakanyamaza, wakawaombea maharusi heri. Lakini supu ile aliipika Fadhil wa Wete, na ulimi wangu mimi umeshapita kwenye masufuria yote baina ya Pangani na Horohoro, kwa hiyo nikikwambia Fadhil hakosei chumvi, kubali tu tuendelee. Aliionja jikoni, ikamkolea. Akaigawa kwenye vikombe vidogo vya kahawa, ikapelekwa barazani kwa wageni. Vikombe vikarudi nusu nusu, na Turkiya, msichana anayewahudumia wageni, nyuma yake, akinong'ona kuwa wageni wanauliza kama mpishi ana presha.

Fadhil akaonja iliyobaki sufuriani. Chumvi ipo. Akaonja iliyorudi kikombeni. Maji ya mvua.

"Kha," akasema. "Supu imeporwa njiani."

Akacheka peke yake. Bwana Harub, mwenye mkahawa na baba yake Turkiya, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na hakucheka. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu akaishika simu yake, akaiacha. Ndivyo alivyokuwa tangu msiba wa dada yake: anaigusa simu kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Mkahawa wenyewe uliitwa Vionjo, na kama hukuwahi kuusikia basi wewe huna jamaa wenye fedha. Ulikuwa ndani ya nyumba ya mawe ya babu yake Harub, mzee wa Kimanga aliyekuwa na minazi ng'ambo ya mto Pangani mpaka macho yachoke. Pale huulizwi unataka nini. Unaingia magharibi, unaongozwa chumba kwa chumba, na kila chumba kina tonge lake moja. Supu barazani kwa kikombe cha kahawa. Kamba mmoja ukumbini, amelazwa juu ya jiwe la moto kama maiti ya tajiri. Kisha mnakaa ngazini, kila mtu kidato chake, mnapewa samaki wa kupaka ndani ya kiberiti. Kisha uani, kisimani, bilauri imefunikwa, ukiifunua unatoka moshi wa karafuu na chini yake pana tende. Watu walitoka Arusha, walitoka Dar, walivuka kutoka mahoteli ya Ushongo na mchanga miguuni, wakapiga picha, wakasema hawajapata kuona. Wakitoka hapo wengi walipitia chipsi stendi, maana njaa haijui sanaa.

Lakini sifa yote ya Vionjo ilikuwa tonge la mwisho, na hapo ndipo penye hadithi.

Nyumba ile ilikuwa na mwenyewe. Si Harub. Namsema ruhani, jini wa Kiislamu, msafi, apendaye udi na marashi, aliyekuja na ukoo ule tangu wazee wanashuka pwani hii. Ruhani huyo alikuwa akimkalia mwanamke mmoja katika kila kizazi, na mwanamke huyo ndiye huitwa kiti. Kiti husema kwa niaba yake, na kiti humpikia. Kila Alhamisi magharibi, mwanamke huyo alipika wali wa tui bila chumvi, akauweka kwenye chano, lile sinia la mti, asali pembeni na marashi juu, akakiweka chumba cha ndani pasipo taa na kufunga mlango. Hauonjwi. Asubuhi unamwagwa mtoni. Wali hautiwi chumvi kwa kuwa jini hali chumvi. Chumvi ni ya mtu, nayo ndiyo mpaka baina yetu na wao. Ukiulizwa na mtoto, mjibu hivyo hivyo.

Kiti wa mwisho alikuwa Bi Rahaf, dada mkubwa wa Harub. Hakuolewa. Alizeeka ndani ya nyumba ile, akitembea uani kwa mtalawanda wake, vile viatu vya mti vya kwendea kutawadha, ko, ko, ko, mpaka majirani wakamjua kwa mlio kabla ya kumwona. Harub alipopata wazo la mkahawa, alimwambia dada yake kuwa nyumba inakarabatiwa, akamhamishia Ngamiani, Tanga mjini, kwenye chumba cha kupanga, kwa muda tu. Bi Rahaf hakubisha. Aliomba neno moja: kila Alhamisi chano kiwekwe, na asile mtu. Harub akashika mkono wake, akaapa.

Na chano alikiweka kweli. Ila alikiweka mbele ya wageni. Wazo lilimjia kama mzaha, likakaa kama biashara: tonge la mwisho, chumba cha ndani, giza tupu, wali usio na chumvi, "leo mle kama majini." Wageni walipiga vigelegele. Ule mtalawanda aliutundika kwenye msumari juu ya mlango wa chumba hicho, kuwa pambo. Habari zilipofika Ngamiani Bi Rahaf alipiga simu akilia, kisha akapiga akiomba, na Harub akazoea kutopokea. Mwisho Bi Rahaf akafariki kule, kwenye msimu wa baridi, na arobaini yake ilikuwa imesomwa siku chache tu kabla ya usiku ule wa supu.

Basi turudi jikoni.

Kamba walirudi hivyo hivyo. Fadhil aliwatia chumvi kwa kiganja kizima, Turkiya akawabeba, na mgeni mmoja kutoka Arusha akasifu kwa adabu kuwa anaona mpishi ameamua kuuacha ubahari ujisemee wenyewe. Aliyekosa adabu alikuwa bibi mmoja wa Kipemba, Bi Mwatum, aliyeletwa na mwanawe Khatib, mfanyabiashara wa Tanga mjini, ili amstareheshe. Bi Mwatum tangu tonge la kwanza alikuwa akimwuliza mwanawe kama hiki ni chakula au ni dawa ya kutwa mara tatu. Sasa akaagiza aletewe chumvi. Turkiya akamletea kwenye kisahani, kwa heshima, na shikamoo yake. Bi Mwatum akachovya kidole, akalamba. Akalamba tena.

"Marahaba, mwanangu," akasema polepole. "Hii umeitoa wapi?"

"Jikoni, bibi."

"Rudi ukanichotee wewe mwenyewe, kwenye gunia, siyo kwenye kopo. Na njiani usizungumze na mtu."

Turkiya akaona ni maudhi ya uzee, akaenda. Alipoleta, ile ya pili ilikuwa na ladha. Bi Mwatum akaifunga kwenye pindo la kanga, na Khatib akaona haya, akamwambia mama, watu wanatutazama. Bi Mwatum akamjibu kuwa umelipa fedha zote zile kwa kamba mmoja, acha nami nitoke na chumvi.

Kwenye ngazi ndipo udi uliposikika. Si moshi wa karafuu uliopangwa. Ule ulikuwa uani bado. Huu ulikuwa udi mzito wa nguo za sandukuni, unashuka kutoka juu kidato kwa kidato, na Harub, aliyekuwa chini akitabasamu kwa kazi, alihisi tabasamu limegandia meno yake, kwa kuwa harufu ile ya dada yake alikuwa ameizika kwa mikono yake. Akamwendea Fadhil akamwuliza nani amefukiza. Fadhil alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele katikati ya kazi, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana.

"Bwana Harub," akasema, "mie mtoto wa Pemba. Vitu hivi kwetu vinajulikana kwa majina na baba zao. Chumvi ikikimbia chakula, maana yake kinaandaliwa kwa asiyekula chumvi. Mpishi si mie tena usiku huu. Funga mlango, wape watu fedha zao, tuwatie kwenye magari."

Harub akamwambia asimletee ushirikina jikoni. Lakini alisema kwa sauti ndogo, na mkono ulikuwa mfukoni.

Uani, wageni wakizunguka kisima na bilauri zao, Turkiya alianza kuharibika. Kazi yake ilikuwa kueleza kila tonge, na aliifanya vizuri; alisomea mambo ya hoteli, ana sauti ya redio. Alianza kueleza habari ya tende, inatoka wapi, inalowekwa kwa nini, kisha akasita katikati, akageuka kumtazama mgeni mmoja aliyetaka kuketi ukingoni mwa kisima, akamwambia kwa upole, "Hapo pamekaliwa." Mgeni akacheka, akasogea. Turkiya akaendelea na tende. Na wakati anaendelea kuzungumza, midomo ikienda na maneno yakitoka, ukasikika nyuma yao kwenye sakafu ya mawe mlio wa mti ukigonga jiwe, ko, halafu kimya, halafu ko, ko, wa mtu asiye na haraka anayetoka kutawadha, na wageni wakageuka wakaona ua mtupu, wakasema kwa kufurahi kuwa mambo ya sauti yamepangwa vizuri kweli kweli, huku Harub akiwa amekimbilia kwenye mlango wa chumba cha ndani, akainua macho kwenye msumari, na msumari ulikuwa hauna kitu.

Angeweza kuwazuia hapo. Hilo lilimtafuna baadaye kuliko mengine. Lakini wageni walikuwa wameshaanza kuingia mmoja mmoja, wameinama, wanacheka kwa kunong'ona kama watoto wanaojificha, na mtu aliyezoea kufungua mlango hukuta mkono wake umeshaufungua.

Ndani giza. Wakakaa mkekani kuzunguka chano, wakasikia harufu ya tui na marashi, wakanyoosha mikono wakala. Bi Mwatum hakula, akambana Khatib kifundo cha mkono asile. Wakamngoja Turkiya aje aseme maneno yake. Akaja. Walimsikia kabla hajafika, ko, ko, ko, akapita katikati yao bila kumkanyaga mtu ingawa hapakuwa na mwanga wa kuona kidole chako, akaketi juu ya lile busati dogo la ukutani ambalo halikuwa likikaliwa na mtu tangu Bi Rahaf aondolewe, na pumzi yake ikabadilika, ikawa nzito na ya taratibu, kama ya mtu mkubwa aliyetoka safari ndefu na njaa.

"Nani amekula wangu?"

Haikuwa sauti ya redio. Ilitoka chini, mahali ambapo kifua cha msichana hakina nafasi.

Wageni wakaguna kwa raha. Simu zikatolewa, taa nyeupe zikawaka. Yule wa Arusha akainua mkono wenye wali.

"Mimi," akasema. "Na ukiniongeza sikatai."

Wakacheka wote. Katika mwanga ule Harub, mlangoni, alimwona mwanawe ameketi wima, mtalawanda miguuni, macho yamepinduka yamebaki meupe, na jasho lake likimtoka lina harufu ya marashi.

Bi Mwatum akazifunika taa za simu zilizo karibu kwa kanga yake. Akasema mchezo umekwisha, mwenye masikio anyamaze. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, lakini kuna wanawake ambao wakisema nyamaza hata jogoo hufikiri mara mbili, na kicheko kikafa. Akasogea kwa magoti mpaka mbele ya Turkiya, akamsalimu kwa salamu ya Kiislamu, akamwita mgeni.

"Mimi si mgeni," ikasema sauti. "Wageni ni nyinyi."

"Basi mwenyeji, samahani. Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Kiti. Nilikuwa nacho hapa, wakakitoa kama taka. Nikakifuata Ngamiani, kikanilisha kwa tabu yake mpaka kikafa. Nimerudi kwangu na njaa, nimewakuta mmekaa chanoni pangu, na nimemkuta huyu, mbichi, damu ile ile."

Bi Mwatum akashika vidole vya miguu vya Turkiya. Akapandisha mkono kwenye goti. Kisha akageuka mlangoni, akamwambia Harub, kama mtu anayemweleza mwingine habari ya maji kujaa, kuwa baridi imeanza nyayoni na inapanda, na ikifika kifuani atakuwa ameshakaa, na akishakaa mwanao utamwona tu, hutampata.

Harub akapiga magoti. Akaahidi mbuzi mweupe. Akaahidi udi wa Maka, halua, marashi ya Maskati. Bi Mwatum, mkono wake juu ya paja la msichana, akatikisa kichwa.

"Nilisahau," Harub akasema. "Nilighafilika na kazi, dunia..."

Turkiya akavuta pumzi fupi, na pumzi haikushuka.

"Usimtilie uongo, baba," Bi Mwatum akasema. "Unampandisha. Sema kile unachokigusa mfukoni usiku kucha."

Na hapo, mbele ya watu wa Arusha na wa Ushongo, wali ukiwakaukia viganjani, Harub alisema neno ambalo hakulisema hata matangani.

"Alinipigia siku ile. Nimesimama hapa hapa mlangoni, wageni wako mkekani. Nikaona jina lake. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya friji. Ikaita tena. Ikaita, naisikia inatetemeka kwenye bati, nami nawachekea wageni na kuwakaribisha. Nikasema moyoni, ana lawama zake, na asubiri. Nilipokuja kupiga mimi, alipokea jirani. Akaniambia alikuwa anaomba maji, na anaomba mtu aambiwe chano cha leo hakijawekwa." Akafuta uso kwa mkono wa kanzu. "Watu walinipa pole. Nikazipokea."

Mgeni mmoja akapiga makofi mara mbili, akidhani ndio mwisho wa mchezo, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Muache mwanangu," Harub akasema. "Nikalie mimi."

Kile kitu kikacheka, polepole, bila furaha. "Kiti kilichooza hakikaliwi." Kisha watu wakasikia mdomo wa Turkiya ukitafuna, ukitafuna kitu ambacho hakikuwamo. "Mwanao nakuachia. Sikosi viti. Mwaka mzima umenialikia watu, wakakaa kwangu, wakala changu kwa mikono yao wenyewe, wakacheka. Nitawapitia. Nawe nakupa kazi moja. Hukuitika simu moja. Sasa zote utaitika."

Mtalawanda ukamtoka Turkiya miguuni. Haukuanguka. Ulitembea, kushoto, kulia, ukapita baina ya magoti ya watu, na wale waliokuwa karibu nao walikunja miguu yao na baadhi wakafumba macho, ukapita ubavuni mwa Harub akasikia udi na jasho la mgonjwa, ukavuka ua, ko, ko, ko, ukaenda kwenye mlango wa barabarani ambao Fadhil, Mungu amjaalie, alikuwa ameuacha wazi akiwangoja watu watoke.

Bi Mwatum akafungua pindo la kanga, akatia chumvi kidogo kwenye ulimi wa Turkiya. Msichana akakunja uso.

"Chumvi hii imezidi," akasema kwa sauti yake, na baba yake akamkumbatia akalia.

Wageni waliondoka kwa furaha ya watu walioponea chupuchupu bila kujua. Wakaandika mitandaoni kuwa mwisho ule haujawahi kutokea nchi hii. Bi Mwatum alikuwa akijisifu mpaka garini, kwamba lau si yeye, kwamba wao wamezaliwa na elimu hii. Halafu akamwuliza Khatib, kwa mzaha tu, kama alishawahi kuja hapa kabla. Khatib akasema alikuja na marafiki, mwezi wa Maulidi. Akala? Akala. Bi Mwatum akalishika pindo lake la chumvi mpaka Tanga.

Yeye ndiye aliyepiga wa kwanza. Harub alikuwa ameshafunga mkahawa, madirisha yamepigiwa mbao, yeye na Turkiya wamekaa jikoni na Fadhil amewapikia mchuzi wa chukuchuku, wa ndimu na pilipili bila tui. Magharibi ya Alhamisi simu ikaita. Sauti ya yule bibi ilikuwa imepungua nusu.

"Khatib ameikataa chumvi," akasema. "Nimejaribu yote ninayoyajua. Nifundishe wali wako, mwanangu."

Harub akamfundisha. Tui la kwanza tu. Asali pembeni, si juu. Asionje mtu. Zima taa, funga mlango, asubuhi umwage kwenye maji yanayokwenda. Baadaye akapiga yule wa Arusha, akicheka mwanzoni. Akapiga mwanamke wa Ushongo, akapiga mtu aliyekuwa akizungumza kwa kunong'ona ndani ya choo cha ofisi. Kila Alhamisi wanapiga, na huwa wengi kuliko Alhamisi iliyopita, na Harub huiweka simu mezani, uso juu, akapokea kabla haijaita mara ya pili. Turkiya humsogezea sahani, humwambia baba kula kwanza. Yeye hali.

Juzi ilipiga namba asiyoijua. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo, anayejitahidi kusema vizuri kama alivyofundishwa. Akamwamkia shikamoo. Akasema mama yuko chumbani, hataki taa, amesema apige kwa babu wa Pangani aulize wali unapikwaje, kwa sababu yeye mama mikono yake haimtii.

"Nani yupo hapo na wewe?" Harub akauliza.

"Mimi tu. Na huyu anayetembea."

Nyuma ya sauti ya mtoto, kwenye sakafu ya nyumba ambayo Harub hakuijua iko mji gani, akausikia, hauna haraka. Akamwambia mtoto achukue sufuria, ile ndogo, anayoweza kuibeba. Akamwambia asiogope. Akamwambia asitie chumvi. Machozi yalimshuka yakamfika mdomoni, akayalamba bila kukusudia huku akiendelea kuelekeza, na hayakuwa na chumvi.